Antibayotiki na ubongo wa mgonjwa wa figo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota dirishani pa kutolea dawa na kwenye mabenchi ya nje ya chumba cha kusafishia damu, ambako ndugu wa wagonjwa huulizana kwa sauti ya chini wakisubiri saa 4 za mashine ziishe. Mimi ni mfamasia. Majina ya dawa nimeyaandika yanavyotamkwa. Kwenye boksi utayakuta kwa tahajia ya kigeni, ila herufi za mwanzo zinatosha kuyatambua. Usiache dawa wala kubadilisha dozi kwa sababu ya ukurasa huu kabla hujaongea na anayemtibu mgonjwa wako.

Mama ana ugonjwa wa figo. Alilazwa kwa homa, akaanzishiwa sindano za antibayotiki, na siku ya 4 akaanza kuwaita watu waliokwisha kufa. Ni figo, ni dawa au ni utu uzima?

Utu uzima uondoe kwanza. Uzee hauingii kwa siku 4. Mtu ambaye Jumatatu alikuwa anauliza bei ya nyanya, na Ijumaa hajui kama yuko hospitali, ana tatizo jipya, na chanzo chake lazima kitafutwe.

Cha kwanza kupimwa ni sukari, papo hapo kitandani. Figo zikichoka, insulini na vidonge vya kisukari kama glibenklamidi hukaa mwilini kupita kawaida, na siprofloksasini au Septrin ikiongezwa juu yake sukari inaweza kushuka zaidi. Aliyeshukiwa na sukari naye huropoka vilevile, na hali hiyo haisubiri kesho. Baada ya hapo daktari ataangalia malaria, oksijeni, chumvi za damu, dalili za kiharusi, uambukizo wenyewe, na uchafu wa damu uliopanda kwa sababu ya figo. Antibayotiki nayo ina nafasi yake humo. Tatizo ni kwamba mara nyingi hukumbukwa mwisho kabisa, kwa kuwa ndiyo tunayoitegemea imponye.

Dawa ya kuua bakteria inafikaje kichwani?

Antibayotiki nyingi hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Chukua sefepimi, sindano ya hospitalini kwa maambukizi makali. Takriban asilimia 85 yake hutolewa na figo ikiwa vilevile ilivyoingia. Kwa mwenye figo nzima, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Kwa anayeishi kwa mashine, kupungua huko kwa nusu huchukua zaidi ya saa 13. Sasa mchome huyu wa pili dozi ya yule wa kwanza, kila baada ya saa 8 au 12. Mgeni wa kwanza hajaaga, wa pili kashabisha hodi, wa tatu yuko njiani, na nyumba ni ileile ya vyumba viwili.

Ubongo nao una kemikali ya kuutuliza, inaitwa GABA. Kazi yake ni kuzuia seli zisifyatuke ovyo. Penisilini na ukoo wake wote, akina sefepimi, seftriaksoni na imipenemu, zikizidi kwenye ubongo huizuia GABA isifanye kazi yake, na breki inalegea. Si habari mpya hii: tangu mwaka 1945 watafiti waliandika kwamba penisilini ikigusishwa moja kwa moja kwenye ubongo huleta kifafa. Mgonjwa wa figo anaongezewa mawili. Protini iitwayo albumini huwa chache kwenye damu yake, kwa hiyo dawa inayozunguka ikiwa huru inakuwa nyingi. Na ule ukuta unaotenganisha damu na ubongo haukazi tena kama zamani.

Dalili zenyewe zikoje? Tuangalie nini?

Wengi wanangoja kuona mtu anaanguka, anatetemeka na kutoa povu. Hayo hutokea, lakini dalili za mwanzo ni ndogo, na ndugu aliyekaa kitandani huziona kabla ya daktari anayepita mara moja asubuhi.

Usingizi unageuka: mchana analala, usiku macho makavu. Maneno yanampotea; anataka glasi, anasema "nipe kile… kile". Anaganda kwenye jibu moja. Unamuuliza jina anajibu Asha, unamuuliza leo siku gani anajibu Asha, unamuuliza mtoto wake wa kwanza ni nani anajibu Asha. Anaokota vitu visivyokuwepo juu ya shuka. Misuli inashtuka yenyewe, bega linaruka, kikombe cha chai kinamponyoka na kuloanisha kanga, naye anashangaa kama wewe.

Kipo kipimo kisichogharimu chochote. Mwambie anyooshe mikono mbele na kuinua viganja, kama trafiki anayesimamisha daladala, akae hivyo nusu dakika. Viganja vikianguka na kuinuka vyenyewe, kama vinavyopungia mtu, ubongo umeguswa na kitu. Kipimo hiki hakisemi ni kitu gani. Uchafu wa figo ukizidi huleta hali hiyohiyo, na ini likishindwa pia. Lakini ukienda kwa muuguzi na kusema "jana mikono ilikuwa imetulia, leo inaanguka", umempa taarifa ya kufanyia kazi.

Halafu kuna hali moja inayodanganya kuliko zote: kifafa cha kimya. Mgonjwa ametulia, macho yako wazi, haitiki, pengine kope au pembe ya mdomo inacheza kidogo. Ndugu wanasema "leo afadhali, amepumzika". Kumbe ubongo uko kwenye kifafa mfululizo, na kinachoweza kuthibitisha ni kipimo cha umeme wa ubongo tu, ambacho kwetu kiko kwenye hospitali chache. Ndiyo maana daktari asiye na mashine hiyo mara nyingine hulazimika kuamua kwa macho na kwa kuhesabu siku.

Siku zenyewe zina maana. Kwa sefepimi, mara nyingi mambo huanza kati ya siku ya 2 na ya 6 tangu dozi ya kwanza. Kama mgonjwa alikuwa ameshachanganyikiwa kabla ya sindano yoyote, usianze kuilaumu dawa.

Kwa nini hata wahudumu wa afya huchelewa kuligundua?

Niseme ukweli, hata mimi nilichelewa, tena kwa mjomba wangu mwenyewe. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa kusahihisha Kiswahili cha kila anayemtembelea. Alikuwa kwenye mashine mwaka wa pili, akapata uambukizo kwenye mrija wa kifuani wa kuunganishia mashine, akalazwa, akaanzishiwa sefepimi. Siku ya 3 shangazi akanipigia: "Mjomba wako anaongea na ubao." Nikamwambia ni uchafu wa damu, atakaa sawa akienda mashine. Siku ya 4 akaanza kurusharusha miguu. Jirani mmoja akasema ni utu uzima, mwingine akashauri aitwe shehe amsomee, na shehe akaja kweli, akamsomea vizuri, akamwombea dua na kuondoka.

Siku ya 5 nikafika mwenyewe. Nilipochukua karatasi ya dawa nikaona dozi imeandikwa vilevile kama ya kijana wa miaka 25 mwenye figo mbili nzima. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyeandika alikuwa zamu ya usiku, mgonjwa alikuwa na homa ya nyuzi 39, na jambo la haraka lilikuwa kumwokoa. Mimi niliyekuwa na elimu ya kuuliza swali lile siku ya 3, sikuuliza. Sefepimi ilisimamishwa, akabadilishiwa dawa, akaingizwa mashine siku mbili mfululizo. Siku ya 3 baada ya hapo alifumbua macho akamwambia muuguzi kwamba "naomba niazime kalamu" si sahihi, ni "naomba uniazime kalamu". Shangazi alilia.

Mwezi Juni 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu sefepimi na kifafa cha kimya. Tangu 1996 walikuwa wamepokea taarifa za wagonjwa 59. Kati yao 58 walikuwa na figo dhaifu, na kwa 56 dozi haikurekebishwa inavyotakiwa. Hutokea pia kwa aliyepewa dozi iliyopunguzwa, ila mara chache zaidi.

Seftriaksoni je? Hiyo tunachomwa kila mahali.

Seftriaksoni ina njia mbili za kutokea: figo, na nyongo kupitia ini. Figo zikilala, ini linabeba mzigo, ndiyo maana kwa kawaida dozi haipunguzwi na ndiyo maana madaktari wa figo huipenda. Lakini wako wagonjwa wa mashine walioandikwa kwenye majarida ya tiba kwa kuchanganyikiwa au kupata kifafa wakiwa kwenye seftriaksoni, hasa kwa gramu 2 na zaidi kwa siku. Kama ini nalo lina hitilafu, gramu 2 kwa siku ndiyo kikomo. Jambo jingine: mashine haiiondoi vizuri, kwa hiyo ikizidi husubiriwa itoke yenyewe.

Kinachonikera ni kwamba sindano hii imekuwa kama panadoli. Mtu ana mafua, anachomwa seftriaksoni siku 5. Mwenye figo dhaifu anaiongezea orodha yake hatari ambayo hakuihitaji kabisa.

Nimeambiwa nina TB na figo zangu ni dhaifu. Dawa za TB zinagusa mishipa ya fahamu?

Ndiyo, mbili kati ya nne, na kila moja inagusa mahali pake.

Isoniazidi hula vitamini B6. Matokeo yake ni ganzi inayoanzia vidole vya miguu, kisha nyayo kuwaka moto usiku kiasi cha kutafuta sakafu ya baridi. Mgonjwa wa figo yuko karibu zaidi na tatizo hili, na aliye kwenye mashine hupoteza B6 nyingine huko huko kwenye mashine. Kinga yake ni ya bei ndogo: kidonge cha pairidoksini, miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Kama umeanza dawa za TB na hukupewa hicho kidonge, rudi kliniki ukaulize leo. Mwenye kisukari, mwenye virusi vya Ukimwi na mama mjamzito waulize pia.

Ethambutoli hugusa mshipa wa jicho, na hiyo hutoka kwa figo. Rangi nyekundu na kijani zinaanza kufifia, au katikati ya picha panakuwa na ukungu. Wewe mwenyewe unaweza kujipima: chukua ukurasa uleule wa gazeti kila Jumapili, ziba jicho moja, soma, kisha ziba la pili. Herufi zilizosomeka wiki iliyopita zikigoma, usingoje siku ya kliniki. Jicho likiwahiwa hurudi kwa wengi. Likicheleweshwa, kuna wanaobaki hivyo.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wagonjwa wengi hawaambiwi. Kile kidonge kimoja cha TB kina dawa nne ndani yake: rifampisini 150, isoniazidi 75, pairazinamidi 400 na ethambutoli 275, zote kwa miligramu. Figo zikiwa chini ya 30 (kipimo hiki nakieleza hapo chini), au ukiwa kwenye mashine, rifampisini na isoniazidi huendelea kila siku, lakini pairazinamidi na ethambutoli hupewa mara 3 kwa wiki tu, baada ya mashine kwa anayesafishwa damu. Kidonge kimoja hakiwezi kufanya mambo mawili tofauti. Kwa hiyo itabidi kliniki ikupangie dawa zilizotenganishwa, jambo ambalo huchukua siku kadhaa kulifuatilia, na ni haki yako kulifuatilia.

Baba alichomwa jentamisini wiki nzima, sasa masikio yanavuma na anatembea kama mlevi. Itaisha?

Jentamisini, amikasini na streptomaisini ni ukoo mmoja. Huharibu vinywele vidogo vya sikio la ndani, vile vya kusikia na vile vya kutufanya tusimame bila kuyumba. Jentamisini na streptomaisini hupenda zaidi upande wa kuyumba, amikasini upande wa kusikia. Vinywele hivyo mwili hauoti vingine. Kwa hiyo, pole sana, sehemu kubwa ya kilichopotea huwa haikurudi, ingawa wengi hujifunza kutembea upya kwa kutegemea macho, na usiku gizani ndipo wanapata taabu.

Dawa hizi pia huumiza figo zenyewe. Yaani zinaziba mlango zinaotokea. Kwa mwenye figo nzima jentamisini hupungua kwa nusu ndani ya saa 2 au 3; figo zikiwa zimekufa inaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Furosemidi, ile dawa ya kukojoza maji, huzidisha madhara ya sikioni, hasa ya sindano. Mwambie daktari leo kuhusu mlio na kuyumba, kabla ya dozi inayofuata. Na watoto wa nyumbani wasimruhusu aende bafuni peke yake usiku.

Nina figo dhaifu na UTI hainiishi. Dukani wananipa sipro. Kuna ubaya?

Siprofloksasini inaweza kuleta kukosa usingizi, wasiwasi, kuona mambo yasiyokuwepo, na mara chache kifafa. Inaweza pia kuleta ganzi na maumivu ya mishipa yanayobaki muda mrefu baada ya kuacha dawa. Mwaka 2013 tahadhari ya jambo hilo iliongezwa nguvu kwenye maelezo yake nchini Marekani. Figo zikipungua, ama dozi ama nafasi kati ya dozi hurekebishwa. Lakini mseto ninaouogopa kuliko wote ndio unaouzwa zaidi: sipro pamoja na diklofenaki "kwa ajili ya maumivu ya kiuno". Diklofenaki inaumiza figo, na dawa za jamii yake zikikutana na sipro uwezekano wa kifafa hupanda. Unaondoka na vibahasha viwili vya kaki, na hakuna aliyekuuliza habari za figo.

Ukiwa unatumia vidonge vya kalsiamu vya kuzuia fosfati, usivimeze pamoja na sipro, kwani vinaishika tumboni isiingie mwilini.

Nitrofurantoini, kidonge kingine cha UTI, kwa mwenye figo zilizoshuka sana ni hasara mara mbili. Haifiki ya kutosha kwenye mkojo, ambako ndiko bakteria waliko, na inayobaki kwenye damu hula mishipa ya fahamu ya miguu na mikono.

Flagyl?

Ikitumika wiki moja kama ilivyoandikwa, kwa wengi haina shida, na dozi kwa kawaida haipunguzwi kwa sababu ya figo. Hatari hupanda kwa wanaoitumia zaidi ya wiki 4, au wanaorudiarudia kuinunua kila tumbo likisokota. Dalili ni ulimi mzito, mwendo wa kuyumba, ganzi miguuni. Sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia mizani ndiyo inayoguswa, na kwa wengi hurudi sawa dawa ikiachwa.

Karatasi ya maabara inasema kreatinini 221. Nitajuaje figo zinafanya kazi kiasi gani?

Kreatinini ni uchafu wa damu ambao figo huutoa, na namba yake peke yake haisemi yote. Wafamasia wengi bado hupanga dozi kwa hesabu ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, nayo unaweza kuifanya kwa simu. Toa umri wako kutoka 140. Zidisha kwa kilo zako. Zidisha kwa 1.04 kama ni mwanamke, au 1.23 kama ni mwanamume. Gawanya kwa kreatinini, ile ya maikromoli kwa lita.

Mama wa miaka 68 mwenye kilo 50 na kreatinini 221: 140 toa 68 ni 72. Mara 50 ni 3,600. Mara 1.04 ni 3,744. Gawanya kwa 221 unapata karibu 17. Figo zake zinasafisha mililita 17 kwa dakika. Kijana wa kiume wa miaka 30, kilo 75, kreatinini ileile 221, anapata karibu 46. Karatasi za maabara zinafanana, figo hazifanani, na dozi hazitafanana.

Kama karatasi imeandikwa kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwanza kwa 88.4. Hesabu hii ni ya mtu ambaye kreatinini yake imetulia. Inayopanda kila siku humdanganya kila mtu, maana figo ziko chini kuliko inavyoonyesha. Aliye kwenye mashine haihitaji; yeye ana dozi zake.

Tayari niko kwenye mashine. Si mashine itaondoa dawa iliyozidi?

Inategemea dawa na saa. Sefepimi na jentamisini huondoka kwa mashine, ndiyo maana hupangwa baada ya kusafishwa. Ukichomwa asubuhi halafu ukaenda mashine saa 6 mchana, sehemu kubwa ya dawa imemwagwa na maji, na uambukizo umebaki. Ukikosa zamu ya mashine na sindano zikaendelea, dawa inarundikana. Kwa hiyo akikosa mgonjwa wako zamu kwa sababu ya nauli, umeme au malipo, mwambie anayempa sindano kabla hajavuta dawa kwenye bomba. Wanaokwenda mara 2 kwa wiki wana siku ndefu zaidi katikati, na siku hizo ndizo za kuwa macho.

Basi si bora tuache antibayotiki kabisa?

Hapana. Uambukizo ni miongoni mwa vinavyoua sana watu walio kwenye mashine, na bakteria wakiingia kwenye damu saa zinahesabika. Dozi ya kwanza mara nyingi hutolewa nzima hata kwa mgonjwa wa figo, ili dawa ifike haraka inakotakiwa. Zinazopunguzwa au kutenganishwa ni zinazofuata. Ukiona dozi ya kwanza ni kubwa usigombane na muuguzi. Uliza kuhusu ya kesho.

Ikigundulika kwamba ni dawa, inatibiwaje?

Inasimamishwa au inapunguzwa, na uambukizo unahamishiwa dawa nyingine. Kama ni dawa inayotoka kwa mashine na hali ni mbaya, mgonjwa anaingizwa mashine mapema. Kifafa kikiwepo hutulizwa kwa dawa za kundi la diazepamu. Kwa sefepimi, wengi huanza kurudi ndani ya siku 2 au 3. Ganzi ya miguu huchukua wiki hadi miezi, na si wote wanaopona kabisa.

Mwanangu ana kifafa tangu zamani na anatumia valproeti. Kuna antibayotiki ya kuikwepa?

Meropenemu na imipenemu. Huishusha valproeti kwenye damu kwa kasi, ndani ya siku moja au mbili, na kuongeza vidonge vya valproeti hakusaidii. Taja jina la dawa yake ya kifafa kabla ya sindano yoyote.

Nitauliza vipi bila kuonekana namfundisha daktari kazi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Usianze na dawa, anza na figo. "Shikamoo daktari. Mama figo zake zilikuwa 17 wiki iliyopita. Dozi hii imepangwa kwa hiyo 17?" Ni swali la ndiyo au hapana, na daktari mzuri atafungua faili tena. Kama amechanganyikiwa: "Alianza sindano Jumatatu, Alhamisi akaanza kuropoka. Kabla ya hapo alikuwa anasoma gazeti." Taja tarehe mbili, na hali ya kabla. Usiseme "dawa yenu imemharibu", kwa sababu mtu akishajitetea hasikilizi tena. Ukiona bado, muulize mfamasia wa wodi. Kuhesabu dozi ni kazi yake ya kila siku na wengi wetu hufurahi kuulizwa.

Akishapona, tuandike ana mzio wa dawa hiyo?

Msiandike mzio. Mzio ni vipele, kuvimba midomo, kubanwa pumzi. Hiki kilikuwa dozi iliyozidi figo zake. Ikiandikwa "mzio wa penisilini" kwenye faili, siku nyingine atanyimwa dawa nzuri za ukoo mzima na kupewa dhaifu au zenye sumu zaidi. Andikeni jina la dawa, dozi aliyopewa, siku alipoanza kuchanganyikiwa, na kiwango cha figo siku hiyo. Mjomba anayo karatasi yake kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho, kwa mwandiko ule wa ubaoni: "Sefepimi, gramu 2 kila saa 12, siku ya 3 nikaanza kufundisha darasa lisilokuwepo." Chini yake ameongeza, kwa wino mwingine, "Nipunguziwe dozi, si marufuku."